Simbi, kauri na kete: Konokono wa bahari alivyopanda hadi Kajiado

WIKI tatu zilizopita nilishuka matatu mjini Kitengela kutafuta vigae vya bafu. Katika duka moja la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Namanga nikamuuliza kijana wa kaunta kama wana vigae vya kauri. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. "Taili ziko, mwalimu," akasema, "lakini hiyo kauri ndiyo gani?" Nikamweleza kwamba kauri ni ule udongo mweupe unaochomwa ukawa mgumu na kung'aa, wa vikombe, sinki na vigae vyake vile. Akacheka, akaniambia hizo zake zimetengenezwa papa hapa kaunti ya Kajiado, kwa hiyo bei ni ya kiwanda. Bei yenyewe nilipoisikia niliona kiwanda hicho lazima kiko Ulaya, nikatoka mikono mitupu.

Nje, hatua kama kumi kutoka mlangoni, mama wa Kimaasai alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mwavuli akishona shanga kwenye mkanda wa ngozi. Katikati ya shanga nyekundu na za buluu alikuwa amepanga safu ya vitu vyeupe vidogo, kila kimoja ukubwa wa kucha ya kidole gumba, vina ufa katikati wenye meno meno. Nikasimama. Ndani ya duka nilikuwa nimeuliza kauri nikachekwa, na hapa nje kauri zenyewe zilikuwa zimejipanga kwenye mkanda.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko," akajibu, na baada ya kujuliana hali nikamuuliza hivyo vyeupe anaviitaje kwa Kiswahili.

"Mimi naita shanga za bahari," alisema. "Kimaa kina jina lake, lakini kwa Kiswahili ni hilo tu."

Nikamwambia kwamba kila moja ya hizo ilikuwa nyumba ya konokono. Sindano ikasimama hewani. "Kwani ilikuwa na roho?" Nikamwambia ndiyo, ilikuwa na roho, ikila mwani chini ya mawe huko Lamu na Watamu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala haya: "Nyanya yangu alikuwa nazo kwa mkanda wake kabla barabara hii iwekwe lami. Sasa yeye alizitoa wapi, na hajawahi kuona bahari?"

Kabla sijajibu, mwanawe aliyekuwa akipanga bangili pembeni akadakia kwamba mambo ya bahari ni ya Waswahili, wao ni watu wa ng'ombe. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi, hata vyuoni: kwamba Kiswahili ni lugha iliyoletwa bara na shule na serikali, na kwamba kabla ya hapo watu wa Kajiado hawakuwa na lolote na watu wa pwani. Nilimwahidi mama yule kwamba nitarudi na jibu lake. Na jibu hilo, nilivyokuja kuona, limo ndani ya majina ya konokono huyu kuliko lilivyo katika vitabu vingi vya historia vya shuleni.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Konokono wanaohusika hapa ni wawili, ndugu wa karibu. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyewapa wanyama na mimea majina ya Kilatini, aliwaandikisha wote wawili mwaka 1758. Mmoja alimwita moneta, yaani sarafu. Mwingine alimwita annulus, yaani pete, kwa sababu ana duara la rangi ya dhahabu mgongoni. Tazama kwamba tayari jina la kitaalamu linamtaja mnyama kwa kazi ambayo binadamu alimpa. Konokono hakujua kwamba yeye ni sarafu.

Wote wawili huishi katika maji ya kina kifupi, penye matumbawe na nyasi za bahari, kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi mbali sana katika Bahari ya Pasifiki. Urefu wao ni kama sentimita mbili hadi tatu. Mchana hujificha, usiku hutoka kula mwani. Gamba lao linang'aa bila kusuguliwa na mtu kwa sababu konokono mwenyewe, akiwa hai, hutoa nyama yake laini kutoka pande zote mbili na kulifunika gamba lote kwa juu. Nyama hiyo ndiyo inayolijenga gamba na kulilinda lisikwaruzwe. Akitishwa huirudisha ndani, na hapo ndipo unapoona mng'ao.

Sasa majina. Kiswahili kina matatu ya kawaida kwa kiumbe huyu: kauri, simbi na kete. Si visawe tu vya kumpendezea mtahini. Kila moja lilipita njia yake, na kila moja limebeba sehemu yake ya historia.

Kauri ndilo jina la kimataifa. Ni neno la Kihindi, lenye asili katika Kisanskriti, na ndilo hilo hilo Waingereza walilolichukua kutoka India. Kihindi hadi leo humwambia mtu asiye na maana kwamba thamani yake ni kauri mbili. Wafanyabiashara wa Kihindi na mabaharia wa Bahari ya Hindi walilitembeza neno hilo bandari kwa bandari, pamoja na bidhaa yenyewe.

Kitovu cha biashara hiyo kwa karne nyingi kilikuwa visiwa vya Maldives. Shahidi wetu ni Ibn Battuta, Mmoroko yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kutuachia maelezo yake ya miji yetu. Miaka kama 12 baadaye alikuwa Maldives, akafanywa kadhi huko, na akaeleza jinsi wenyeji walivyowakusanya konokono hawa baharini, wakawafukia katika mashimo ufukoni hadi nyama ikaoza, yakabaki magamba meupe. Kule, anasema, kauri 400,000 zilibadilishwa kwa dinari moja ya dhahabu. Kisha safari zake zikamfikisha Mali na Gao, upande wa pili wa Afrika, akakuta watu wananunua na kuuza kwa magamba yale yale, ila huko dinari moja ilikuwa kauri 1,150. Piga hesabu, msomaji. Kitu kile kile kilikuwa kimepanda thamani zaidi ya mara 300 kwa kusafirishwa tu. Mwenye meli na ngamia alihitaji nini kingine?

Sababu za gamba hili kufaa kuwa fedha si ngumu kuziona ukilishika mkononi. Halivunjiki ovyo, halishiki kutu, haliliwi na mchwa, yote yanakaribiana ukubwa, na kabla ya enzi ya plastiki hakuna aliyeweza kulighushi. Waweza kuyahesabu moja moja, ukayatunga kwenye uzi, au ukayapima kwa kibaba kama mahindi.

Wazungu walipoingia katika biashara hii waliifanya kuwa kitu kingine. Katika karne ya 17 na ya 18 meli za Waholanzi na Waingereza zilipakia kauri Asia kama farumi, mzigo wa chini unaoizuia meli isiyumbe, zikazipeleka Amsterdam na London. Huko ziliuzwa kwa mnada kwa wafanyabiashara waliokuwa wakienda Afrika Magharibi kununua watu. Sehemu kubwa ya bei ya mtu aliyeuzwa katika pwani ya Benin na Nigeria ya leo ililipwa kwa magamba ya konokono. Wanahistoria Jan Hogendorn na Marion Johnson walikiandikia kisa hicho kitabu kizima mwaka 1986, na kauri wanazozihesabu humo ni mabilioni. Sijui kama mtu aliyewahi kusoma habari hizo anaweza kuvaa mkufu wa kauri kwa moyo mweupe kabisa. Mimi bado ninao mmoja nyumbani, wa zawadi, na tangu wakati huo uko sandukuni.

Hapa ndipo pwani yetu inapoingia kwa kishindo. Waingereza walipopiga marufuku biashara yao ya watumwa mwaka 1807, haja ya kauri haikufa. Viwanda vya Ulaya vilitaka mafuta ya mawese kwa sabuni na kwa kulainisha mashine, na wakulima wa Afrika Magharibi waliyauza mawese hayo kwa kauri. Katikati ya miaka ya 1840 kampuni ya Hertz ya mjini Hamburg, Ujerumani, ikagundua kwamba haina haja ya kwenda hadi Maldives. Zanzibar na pwani yake zilikuwa na tele za yule ndugu wa pili, mwenye pete, naye alikuwa rahisi. Kampuni nyingine ya Hamburg, O'Swald, ikafuata na kufungua ofisi Zanzibar mwaka 1849. Wenyeji wa pwani na visiwani walishuka maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua mwamba unapobaki wazi, wakakusanya, wakafukia, wakaosha, wakauza kwa kipimo. Meli zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Lagos na Ouidah.

Kilichofuata mwanafunzi yeyote wa uchumi atakibashiri. Kauri zilimwagwa Afrika Magharibi hadi thamani yake ikaporomoka, na kufikia mwisho wa karne ya 19 mtu alihitaji wapagazi ili abebe fedha za kununulia vitu vya kubebwa na mpagazi mmoja. Wenye akiba ya kauri ndani ya mitungi walibaki na mitungi ya magamba. Jina lakini lilibaki: Ghana ilipoanzisha sarafu yake mwaka 1965 iliiita sedi, kutokana na neno la Kiakan lenye maana ya kauri.

Upande wetu, neno lililobeba fedha lilikuwa simbi. Msomaji aliyewahi kuishi Kampala atakuwa ameshtuka tayari, kwa sababu fedha kwa Kiganda ni ensimbi, hadi leo. Katika Buganda ya karne ya 19 magamba haya, yaliyofika kwa misafara ya kutoka pwani, yalikuwa fedha kamili, yakitobolewa mgongoni na kutungwa kwenye kamba. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulipoweka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka, ulikuwa pia hukumu ya kifo kwa simbi kama fedha, kwani serikali mpya ilitaka watu waitafute rupia. Muda mfupi baadaye magamba yakaondolewa sokoni. Lakini dereva wa bodaboda wa Kampala anayekudai ensimbi zake leo anakudai konokono bila kujua.

Sisi Waswahili tukafanya nini? Tazama majina yetu ya fedha. Fedha yenyewe ni madini, kutoka Kiarabu. Pesa ni paisa ya India. Hela ni heller, sarafu ya Wajerumani waliyoianzisha Tanganyika mwaka 1904. Thumuni ni sehemu ya nane, Kiarabu tena. Shilingi haihitaji maelezo. Tumekopa majina ya sarafu za kila aliyetutawala au kufanya biashara nasi, lakini simbi, bidhaa iliyotoka kwenye miamba yetu wenyewe, hatukuifanya fedha, kwa kuwa huwezi kufanya fedha kitu ambacho mtoto anakiokota nyuma ya nyumba. Ndiyo maana neno lilipata cheo mbali na bahari na likasahaulika karibu nayo. Ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha nne wa Mombasa leo maana ya simbi, kuna uwezekano mkubwa atakutajia timu ya mpira ya Tanzania, na hiyo ni Simba.

Turudi Umaasaini, kwa sababu ahadi yangu ilikuwa kwa mama wa Kitengela na si kwa Waganda.

Katika karne ya 19 nchi inayoitwa leo Kajiado ilikuwa kwenye njia. Misafara iliyotoka Mombasa na Pangani kutafuta pembe za ndovu ilipita Taita na Taveta au chini ya Kilimanjaro, ikakata mbuga hizi hadi Ngong. Kituo cha Ngong wasafiri wa pwani walikiita Ngongo Bagas, jina la Kimaa lenye maana ya chemchemi ya mto Mbagathi ambalo ndimi za Kimrima zilishindwa kulinyoosha. Kwa maneno mengine, Waswahili walikuwa tayari wanaharibu majina ya Kimaa kabla reli haijafikiriwa. Kabla yao, na kando yao, Wakamba walikuwa na biashara yao ya kwenda na kurudi pwani.

Joseph Thomson, Mskoti aliyetoka Mombasa Machi 1883 kupita Umaasaini, anatuonyesha biashara hii kwa karibu kwa kuwa yeye mwenyewe ilimlazimu kuifanya. Hakuongoza njia, alifuata njia iliyokuwapo, na sehemu ya safari aliifanya pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua nchi hii kuliko yeyote wa Ulaya. Huko Taveta msafara ulisimama siku kadhaa ili wapagazi watunge shanga kwenye nyuzi za urefu ule ule ambao Wamaasai waliutaka, maana shanga ovyo ovyo hazikupokelewa. Zingatia jambo hilo. Mnunuzi wa Umaasaini ndiye aliyekuwa anatoa masharti, na mwenye mali wa pwani akakaa chini kutunga uzi kwa kipimo cha mteja wake.

Msamiati wa biashara hiyo ulikuwa Kiswahili: mpagazi, mzigo, frasila ya karibu kilo 16, senenge za shaba na chuma, merikani iliyokuwa kitambaa kutoka Marekani, na hongo. Hongo wakati huo halikuwa neno la aibu. Lilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya watu, na Wamaasai waliudai hadharani, mchana kweupe. Lilivyokuja kuwa jina la kile kinachopitishwa dirishani mwa matatu ni makala ya siku nyingine.

Katika mizigo hiyo shanga, senenge na vitambaa ndivyo vilivyotangulia. Simbi zilikuwa bidhaa ya pembeni, nyepesi, zilizopita kutoka mkono hadi mkono. Na mikono hiyo mingi ilikuwa ya wanawake. Wanawake wa Kimaasai waliendelea kubadilishana ngozi na maziwa kwa nafaka za majirani zao Wakikuyu hata nyakati ambazo wanaume wa pande mbili walikuwa wanapigana, na katika vikapu hivyo vya kubadilishana ndimo vitu vidogo vya urembo vilimosafiri. Mkanda wa ngozi wenye simbi kwa hiyo ni kumbukumbu ya soko ambalo halikuandikwa na yeyote kwa sababu waliolifanya hawakuwa wakisoma wala kuhesabiwa.

Lakini mbona simbi ziwe fedha Buganda na ziwe pambo Kajiado, na wote wanazipata kutoka pwani ile ile? Jibu langu ni ng'ombe. Mmaasai alikuwa na fedha yake tayari, inayotembea, inayozaa na inayokunywa maji. Gamba haliwezi kushindana na mtamba. Kwa hiyo gamba likaenda lilikofaa zaidi, kwenye mwili wa mwanamke na wa mtoto, likahusishwa na uzazi na heri, kama lilivyohusishwa na jamii nyingi sana duniani kutokana na umbo lake ambalo sina haja ya kulieleza kwenye gazeti la familia. Mafundi wa Umaasaini hulikata mgongo ili lilale bapa juu ya ngozi, na likishakatwa hivyo hakuna anayeweza kulirudisha kwenye mtungo wa fedha wa Buganda. Ni kama kutoboa noti ili uifanye herini.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 misafara ilikufa karibu usiku mmoja. Mikataba ya mwaka 1904 na 1911 ikawasukuma Wamaasai kusini, katika eneo ambalo Kajiado ni sehemu yake, na katika miaka hiyo ya 1910 reli ya Magadi ikapita Kajiado kwenda kuchukua magadi ziwani. Pamoja na reli yakaja maduka, na shanga, senenge na simbi zikahamia kwenye rafu za dukawala. Kama nyanya ya yule mama alizaliwa wakati huo, simbi zake ama zilitoka dukani, ama alizirithi kwenye mkanda wa mamake, na za mamake zilitoka kwa misafara. Mkanda ukichoka ngozi hubadilishwa. Simbi hazitupwi.

Nilisema majina ni matatu, na hili la kete sijaligusa. Kete ni kauri ndogo, na kwa kuwa watu wa pwani walizitumia kuchezea, neno likaenea kwa kitu chochote kidogo cha kuhesabia katika mchezo. Kwenye bao la Kiswahili kete ni 64, na kwa kawaida si kauri tena bali ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu. Kutoka baoni neno likaingia siasani, ambako mheshimiwa "anarusha kete yake ya mwisho" kila baada ya miaka mitano. Na kutoka huko, au kwa njia yake ya mkato, limefika mahali pabaya: ukisoma habari za mahakama za Mombasa leo, kete ni kifurushi cha heroini. Mzazi wa Likoni anayelia kwamba mwanawe ameharibiwa na kete hana muda wa kusikia asili ya neno, na simlaumu.

Sasa kile kigae cha bafu. Inakuwaje konokono na udongo uliochomwa viitwe kauri vyote viwili? Kamusi zetu hutoa maana zote mbili, wengine wakitamka kaure kwa vyombo, lakini hazisemi zinahusianaje. Nionavyo mimi daraja ni mng'ao. Vyombo vya Kichina vilikuwa vinafika pwani yetu karne nyingi kabla ya Wareno, na watu wetu walivithamini hata wakavipachika kwenye kuta na makaburi. Nenda Mambrui, kaskazini ya Malindi, utaliona kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli hayo. Mtu aliyezoea kuokota kauri ufukoni alipoona bakuli la Kichina, jeupe, laini, gumu na linalong'aa kwa njia ile ile, alikuwa na jina lake tayari.

Na asiyeniamini awaulize Wataliano. Porcellana lilikuwa jina lao la kauri, lililotokana na neno la nguruwe mchanga, na Marco Polo katika karne ya 13 alilitumia kwa magamba na kwa vyombo vya Kichina pia. Neno la Kiingereza la vyombo hivyo limetokana na hilo. Lugha mbili ambazo hazikukaa meza moja zilitazama bakuli moja na kuona konokono yule yule. Kwa hiyo kiwanda cha vigae cha Kajiado, huko juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kinafyatua kila siku bidhaa yenye jina la mnyama wa Lamu.

Jumamosi iliyopita nilirudi Kitengela. Mama alikuwa pale pale. Nilimweleza niliyoyapata, kwa ufupi kuliko nilivyowaeleza ninyi, na nikamwonyesha kwenye simu picha ya konokono hai, nyama yake yenye madoa imepanda pande mbili na kukutana mgongoni, gamba halionekani kabisa. Aliishika simu akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe amevaa shuka," akasema.

Mwanawe naye akaja kuchungulia. Kilichomshika si konokono bali ni habari ya wapagazi wa pwani kukaa Taveta kutunga shanga kwa kipimo cha nyanya zake. Alinifanya niirudie mara mbili. Kisha akauliza hongo ya wakati huo ilikuwa ngapi kwa msafara mmoja, nami nikamwambia ilitegemea mahali na idadi ya morani waliosimama njiani, akacheka sana, akaonyesha kwa kidevu upande wa barabara ya Namanga.

Nilitaka kununua simbi tano. Mama akaniuliza kwa huyo Mwarabu wangu wa zamani tano zingekuwa pesa ngapi. Nikamwambia kule zinakotoka zilikuwa 400,000 kwa dinari moja, kwa hiyo tano si kitu. Na kule zilikokwenda? Nikamwambia 1,150 kwa dinari.

"Na Kitengela ni mbali na bahari," akasema, akahesabu tano kutoka kwenye kopo. "Ishirini moja, mwalimu. Jumla mia."

Nilijaribu kumpunguzia, akatikisa kichwa. Nikatoa mia.